Homa ya siku ya tisa

*"Shikamoo sista. Mke wangu alitolewa titi la kushoto mwezi wa tano, sasa anapewa mionzi ya dripu kila baada ya wiki tatu. Ameshapata mbili, zimebaki mbili za aina hii, kisha wataanza nyingine. Usiku wa kwanza alikojoa mkojo mwekundu, nikajua figo zimekwisha. Siku tatu za mwanzo anachangamka hata halali, ya nne anaanguka kitandani hawezi kunyanyua kikombe. Dripu ya pili imemuumiza kuliko ya kwanza. Siku ya tisa usiku alitetemeka, mwili ukawa moto, nikasema ni baridi ya huku Marangu au malaria, nikampa Panadol mbili, asubuhi akaamka na nafuu. Kliniki walishasema damu imeshuka, kwa hiyo mama mkwe analeta kisusio na juisi ya rozela, na kuna jirani ana dawa ya mizizi. Mtoto wetu wa miaka sita nimempeleka kwa bibi yake asije akaambukizwa. Safari ya mwisho mke wangu alipoona geti la hospitali tu akatapika, nikamgombeza. Hii dawa inamponya au inamuua? Tusimamishe kwanza apate nguvu?"*

Marahaba baba. Umeuliza mengi na nitayagusa yote, lakini sianzi na swali lako la mwisho. Naanza na ile homa ya siku ya tisa uliyoiandika katikati ya mambo mengine kana kwamba ni jambo dogo. Katika barua yako yote hakuna kilichonishtua kama hicho. Mkeo alipona usiku ule, namshukuru Mungu. Usiku wa namna hiyo ukirudi, usimpe Panadol mkalala. Mtoke nyumbani muda huohuo.

Acha nikueleze sababu, maana mtu akijua sababu hasahau.

Kwanza tunyooshe jina. Anachopewa mkeo si mionzi. Mionzi ni mashine: mgonjwa analala chini yake na hakuna kinachoingia kwenye mshipa. Hii ya dripu ni tibakemikali, ni dawa. Watu wengi huku kwetu wanaita vyote "mionzi", na hapo ndipo inapozaliwa hofu kwamba mgonjwa anatoa kitu cha kuwadhuru wenzake. Nitairudia hiyo nikifika kwa mtoto.

Seli za saratani zinagawanyika bila kupumzika, na dawa hizi zinazipiga wakati wa kugawanyika. Tatizo ni kwamba mwilini mna seli zenye afya nazo zinazogawanyika haraka: mizizi ya nywele, ngozi laini ya mdomo, utando wa matumbo, na uboho, ile nyama laini ndani ya mifupa inakotengenezwa damu. Dawa haizitofautishi. Ndiyo maana nywele huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu tangu dripu ya kwanza, mdomo unachubuka, tumbo linavurugika. Na ndiyo maana damu inashuka.

Hapa neno letu "damu" linatuponza. Muuguzi akisema "damu imeshuka", nyumbani wote wanasikia upungufu wa wekundu, wanakimbilia rozela, supu, kisusio (ile supu yenye damu ya mbuzi), maini. Lakini chembe nyekundu zinaishi siku 120 hivi, kwa hiyo zinapungua polepole. Zinazoanguka kwa ghafla ni chembe nyeupe, na hasa zile zinazopigana na bakteria. Hizo zinaishi saa chache hadi siku chache tu. Uboho ukisimama kuzitengeneza, zilizopo zinaisha na hakuna za kuziba pengo. Kwa dawa anazopewa mkeo, kiwango cha chini kabisa kinafikiwa takriban siku ya 10 hadi ya 14, na hatari inaanza kabla, kama siku ya 7. Ikifika siku ya 21 uboho kwa kawaida umeshaamka, na ndiyo sababu mnapewa nafasi ya wiki tatu. Muda ule si kumpumzisha tu, ni kusubiri jeshi lirudi kambini.

Sasa fikiria bakteria wameingia siku ya tisa. Na usidhani lazima watoke kwa mtu. Wengi wao walikuwa tayari mdomoni na matumboni mwake, wamepenya kupitia utando uliochubuka. Mtu mwenye afya angetoa usaha, au kikohozi chenye makohozi, au sehemu ya mwili ingevimba na kuwa nyekundu. Usaha huo ni mizoga ya chembe nyeupe. Mkeo hana chembe za kutosha kutoa hata usaha. Dalili pekee inayomfikia ni homa, na Panadol inaiondoa hiyo dalili huku bakteria wakiendelea. Nimempokea mgonjwa alfajiri, ameletwa kwa gari aina ya Noah, amefunikwa mablanketi mawili, mwili wa baridi kabisa. Mumewe akaniambia kwa furaha kwamba homa imeisha tangu saa sita usiku. Homa ilikuwa imeisha kweli, ila shinikizo la damu nalo lilikuwa limeshuka hadi mashine ikawa inashindwa kulisoma. Yule mama tulimwokoa baada ya siku nyingi wodini. Si wote.

Kwa hiyo leo, kabla hujafanya jambo lolote jingine, nenda duka la dawa ukanunue kipimajoto cha dijitali. Mkono kwenye paji la uso haupimi homa, hasa mkono uliotoka kushika jembe au maji ya baridi. Mfute kwapa liwe kavu, weka ncha katikati ya kwapa, mkono ubane ubavuni hadi kilie. Usipime mara tu baada ya kuoga au kunywa chai ya moto. Kuanzia siku ya 7 mpaka ya 14 mpime asubuhi na jioni, na wakati wowote akisema hajisikii vizuri, kisha uandike. Kikisoma 38 au zaidi, ni safari. Kwapa husoma chini kidogo kuliko mdomo, hivyo 37.5 huku anajisikia vibaya isikupe usingizi: piga simu kliniki, rudia kupima baada ya nusu saa. Na kutetemeka kwa nguvu, meno yakigongana, ni safari hata kipimajoto kikisema 36. Najua Julai ya Marangu inatetemesha hata vijana, lakini mtu anayetetemeka kwa baridi ya hewa akijifunika na kuota moto anaacha. Huyu hataacha.

Malaria? Apimwe, hakuna ubaya. Ila usinunue dawa ya mseto dukani mkalala mkisubiri, na kipimo cha malaria kikionyesha hana au kikionyesha anayo, bado achukuliwe kipimo cha damu wanachokiita FBP ili zionekane chembe nyeupe ni ngapi. Mtu mzima ana kati ya 4,000 na 11,000 katika maikrolita moja ya damu. Zile za kupigana na bakteria zikiwa chini ya 500 na homa ipo, antibiotiki ya mshipa inatakiwa iingie ndani ya saa moja tangu afike. Ndani ya saa moja, baba. Ndiyo maana sikushauri usubiri gari la asubuhi kwenda mjini kama kuna hospitali jirani inayoweza kuanza dozi ya kwanza usiku huohuo na kisha kuwapa rufaa. Mkifika mapokezi usiseme "ana homa", maana mtawekwa kwenye foleni ya wenye homa. Sema hivi: "Yuko kwenye tibakemikali, leo ni siku ya tisa, ana homa." Mwonyeshe kadi yake. Maneno hayo yanabadilisha mwendo wa watu.

Na upange usafiri sasa, mchana, ukiwa na akili tulivu. Ongea na mwenye gari hapo kijijini, mwambie wazi kwamba ndani ya wiki mbili hizi naweza kukugongea saa nane usiku. Nauli itengwe kwenye bahasha isiyoguswa hata kwa ada ya shule. Pikipiki kwa mtu mwenye homa ya namna hii, kwenye ile baridi na ile miteremko, iwe tu pale ambapo hakuna kingine kabisa.

Sasa mkojo mwekundu. Ile dawa aliyosukumiwa kwa sindano, yenye rangi kama juisi ya rozela, inaitwa doksorubisini. Rangi ile ni yake yenyewe, inatoka na mkojo siku ya kwanza au mbili. Si damu. Lakini mkojo ukiwa mwekundu siku ya tano, au unamchoma na una mabonge, hiyo ni hadithi nyingine: dawa ya pili anayopewa pamoja na hiyo inaweza kuchubua kibofu, na kinga yake ni maji mengi siku ile na siku inayofuata, na asibane mkojo, hata usiku. Pia angalia mkono uliowekwa dripu. Doksorubisini ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Pakiuma, pakivimba au pakitoa malengelenge, hata siku kadhaa baadaye, rudini.

Kuchangamka siku tatu kisha kuanguka, hilo nalo lina maelezo mepesi. Pamoja na tibakemikali anapewa deksamethazoni ili kuzuia kutapika. Dawa hiyo inaamsha mwili, inanyima usingizi, inaleta njaa na wakati mwingine hasira. Siku ya nne dozi zimeisha na mwili unaporomoka, na hapo hapo uchovu wa tibakemikali yenyewe unaingia. Kwa hiyo akikufokea siku ya pili au akilia siku ya tano bila sababu, kumbuka vidonge kabla ya kukumbuka ndoa. Muulize daktari kama anaweza kumeza dozi zote asubuhi na mchana ili usiku alale. Na kama ana kisukari, hakikisha wanajua, maana sukari inapanda.

Kichefuchefu kinazuiwa kabla hakijafika, maana kikishafika ni kigumu kukirudisha. Dawa ya kutapika imezwe kwa saa zake zilizoandikwa hata kama anajisikia vizuri. Wengi wanaiweka akiba "mpaka nitapike", na akishatapika kidonge hakikai. Kama ametapika licha ya kumeza kwa saa, kliniki waambiwe, zipo za kuongeza. Ondansetroni hufunga choo, kwa hiyo maji, papai na kutembea uani kidogo, na akipita siku tatu bila choo useme. Usimwekee kitu chochote nyuma, wala enema, kwenye siku zile za hatari.

Na lile la kutapika getini. Hajiendekezi, baba. Ubongo umeunganisha geti lile, harufu ya dawa ya kupigia deki, hata sauti ya kondakta kwenye kituo kile, na kilichofuata mara ya kwanza. Unatapisha mapema kama unavyotoa mate ukisikia nyama inachomwa. Kuna dawa ya kutuliza inayomezwa usiku wa kuamkia dripu na asubuhi yake. Ombeni. Na umwombe radhi kwa kumgombeza, ana mengi ya kubeba.

Mtoto arudi nyumbani. Saratani haiambukizi kwa kulala kitanda kimoja, kwa kikombe, kwa kumbatio wala kwa busu. Mama anayekosa mtoto wake kwa miezi anaumia mahali ambapo dripu haifiki. Mtoto akae mbali tu akiwa na mafua, kikohozi, kuhara au tetekuwanga, na siku zote anawe mikono kwa sabuni akitoka shule, kama na wewe unavyopaswa kunawa ukitoka zizini. Tahadhari inayohitajika ni ya saa 48 baada ya dripu, kwa sababu mkojo, kinyesi na matapishi vinabeba mabaki ya dawa. Vaa glavu ukivisafisha, mashuka yaliyochafuka yafuliwe peke yake, choo cha maji kimwagwe mara mbili, cha shimo kifunikwe. Tendo la ndoa halikatazwi akitaka mwenyewe na chembe nyeupe zikiwa zimepanda, ila kondomu itumike, na mimba isiingie katika kipindi chote cha matibabu. Muulizeni daktari njia ya uzazi isiyo na homoni.

Nimefika kwa mama mkwe, na naomba umsikilize kwanza kabla ya kunisikiliza mimi. Anamwona binti yake anaisha, na anachokijua ni kupika. Rozela haina shida kubwa kama maji yake yamechemshwa na mdomo wa mgonjwa haujachubuka, maana ile chachu inachoma. Kisusio ndicho nakikataa kabisa kwa sasa. Damu ya mbuzi iliyotiwa kwenye supu bila kuchemka vya kutosha inaingiza bakteria kwa mtu asiye na walinzi, na haipandishi chembe nyeupe hata moja. Vivyo hivyo maziwa mgando yaliyogandishwa bila kuchemshwa, kachumbari, mayai mabichi, nyama isiyoiva na mbege. Hakuna chakula kinachopandisha chembe nyeupe kwa wiki moja, baba, asikudanganye mtu. Chakula kinampa nguvu za kuvumilia mpaka uboho uamke, na kazi hiyo inatosha. Zipo sindano zinazouamsha uboho, hupigwa kuanzia siku inayofuata dripu kwa siku kadhaa. Zinaleta maumivu ya mifupa na bei yake si ya kila mtu, lakini baada ya homa kama ile daktari anaweza kuona zinafaa. Anaweza pia kuchelewesha dripu kwa wiki moja au kupunguza dozi kidogo. Ulizeni yote matatu.

Mizizi ya jirani niseme wazi: hapana, si sasa. Sisemi mizizi yote haina kitu, dawa nyingi za hospitali zimetoka kwenye mimea. Ila ile dawa ya pili ya mkeo haifanyi kazi mpaka ini liigeuze kwanza, na mizizi inaweza kulifanya ini liigeuze kwa kasi zaidi au polepole zaidi, kisha tukashindwa kujua nini kimemdhuru. Watu wa mikoa hii tunaukumbuka mwaka 2011, foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500. Wapo walioacha dawa zao wakarudi hospitali hali ikiwa mbaya. Kama ameshainywa, usifiche. Chukua jina lake au kipande cha mzizi, umpelekee daktari. Hakuna atakayekupigia kelele, na akikupigia, vumilia, taarifa ile ni ya thamani.

Kuhusu kula kwenyewe: kidogo kidogo, mara sita kwa siku, na vya uvuguvugu au baridi kwa sababu cha moto kinatoa harufu. Akisema kila kitu kina ladha ya chuma, mpe kijiko cha mti au plastiki. Mdomo ukichubuka, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa, asukutue mara nne au tano kwa siku, mswaki uwe laini, na zile dawa za kusukutua zenye spiriti ziachwe.

Sasa swali lako. Inamponya au inamuua? Mkeo ametolewa titi na sasa anapewa dawa ya kuwinda mabaki yasiyoonekana kwa macho wala kwa picha. Kwa mpango wa namna hiyo lengo kwa kawaida ni kuponya, lakini hilo usilichukue kwangu. Muulize daktari wake uso kwa uso, kwa maneno haya: "Lengo ni kumponya, au kuupunguza ugonjwa aishi kwa nafuu?" Akisema kuponya, kusimama katikati kwa sababu ya uchovu ni kuwaachia mabaki nafasi ya kuota tena, na nguvu mtakayosubiri hairudi kwa miezi mnayoifikiria. Sikuahidi kwamba akimaliza hautarudi, hakuna anayeweza kukuahidi hilo. Na kama angesema lengo ni nafuu, basi mazungumzo yangekuwa mengine, na mgonjwa mwenyewe angekuwa na haki ya kusema imetosha. Hata sasa umesikia mkeo anasemaje? Katika barua yako wamesema kliniki, mama mkwe, jirani na wewe. Yeye sijamsikia.

Dawa ile nyingine inayofuata mara nyingi haitapishi sana, ila inaleta ganzi ya vidole na maumivu ya misuli. Akishindwa kufunga vifungo vya blauzi au akiangusha vikombe, semeni mapema, maana ganzi ikizidi inaweza kubaki.

Mbali na homa, mpeleke bila kusubiri akikosa pumzi au kifua kikibana, kwani doksorubisini inaweza kugusa moyo. Vilevile akishindwa kuweka hata maji tumboni siku nzima, akiharisha zaidi ya mara nne kwa siku, fizi au pua ikitoa damu isiyokoma, mguu mmoja ukivimba, au akianza kuongea mambo yasiyoeleweka. Pesa zikikwama, kila hospitali kubwa ina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda kabla ya tarehe ya dripu, usisubiri deni. Walau tangu 2016 hospitali ya KCMC, Moshi, ina kituo chake cha saratani. Kabla ya hapo wengi wa huku walishuka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na nauli peke yake iliwarudisha wengi nyumbani.

Na wewe? Hukuuliza, lakini mtu anayeamka kupima homa usiku naye anachoka. Wasiozoea kukuona ukifua mashuka ya mkeo watasema, waache waseme. Mwombe shemeji au dada yako ashike usiku mmoja kwa wiki, ulale.

Dripu ya tatu imekaribia. Kabla haijafungwa, mwambie daktari kwa kinywa chako: siku ya tisa alipata homa, nikampa Panadol. Mpango wake unaweza kubadilika kwa sentensi hiyo. Kisha chukua kalenda, siku ya dripu ihesabu kuwa ya kwanza, zungushia ya 7 hadi ya 14 kwa kalamu nyekundu, ibandike jikoni mama mkwe aione. Na kwa siku hizo mwombe alete mtori badala ya kisusio: ndizi zilainike kabisa, nyama iive mpaka iachie mfupa, na vitunguu avikaangie kwake kabla hajaja.